MWENYE SHAHADA NAYE HUKWAMA: WAJIBU WA USHIRIKA KWA WANAFUNZI WA SHAHADA ZA JUU

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Jangwani, Dar es Salaam



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani, minada na madeni yaliyolipwa, wala sina haja ya kuyarudia. Miaka kumi si haba. Chama kilichoweza kupita miaka kumi bila kuvunjika, tena hesabu zake zikasomwa hadharani kila mwaka, kina haki ya kupiga ngoma. Lakini ngoma ikiisha hapana budi mtu ajiulize: Je, miaka kumi ijayo tutaitumia kwa jambo gani?

Mimi nimeombwa niseme juu ya elimu, nami nimechagua sehemu moja ya elimu ambayo katika mikutano yetu aghalabu haitajwi. Nayo ni dhiki ya fedha inayowapata vijana wetu wanaorudi Chuo Kikuu kusomea shahada ya pili, yaani ya uzamili, au shahada ya uzamivu.

Najua wako watakaoshangaa. Nimekwisha kuulizwa na mzee mmoja mjumbe, kwa haki kabisa: "Katibu, mtu mwenye digrii ataka nini tena kwa mkulima wa jembe?" Nawaombeni mnivumilie. Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo sitetei tumbo langu. Natetea hesabu ya Chama.

MAHALI TULIPO

Yafaa tuanze na mahali hapa tulipokaa. Kutoka Jangwani hadi mtaa wa Lumumba ni mwendo wa miguu tu. Katika mtaa ule, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndipo elimu ya Chuo Kikuu ilipoanza katika nchi yetu. Chuo hakikuwa na nyumba yake. Kilikaribishwa katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa. Katika mtaa huo huo wa Lumumba limesimama Jengo la Ushirika, ambalo wengi wenu mmelipanda ngazi zake kwa shughuli za vyama. Basi mtu asituambie kwamba Chuo Kikuu na ushirika ni vitu vigeni. Ni majirani wa mtaa mmoja.

Tukigeuka upande mwingine, tunaikuta Muhimbili. Mkulima akiugua kijijini, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha akaambiwa, "Ugonjwa huu unataka bingwa, nenda Muhimbili," huyo bingwa ni nani? Ni daktari aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, akarudi darasani miaka mitatu au zaidi, akisoma huku akihudumia wagonjwa wodini. Tukisema mwenye digrii hahitaji kusoma tena, tunasema pia kwamba sisi wenyewe hatuhitaji bingwa.

Tena tuna mfano ulio karibu zaidi na majembe yetu, nao ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao wakati wa kuanzisha vijiji, bei duni, na ugonjwa wa ubwiri unga uliokausha maua kabla hayajashika. Kuhama na bei vilikuwa mambo ya siasa na biashara. Lakini ubwiri unga haukuondoka kwa hotuba. Ulihitaji watu wa kuutambua, kupima dawa ya salfa, kujua ipulizwe siku gani na kwa kiasi gani, na kuchagua miche inayostahimili. Kazi hiyo ilifanywa na watafiti, hasa katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Na mtafiti hawi mtafiti kwa shahada moja. Kila mmoja wetu anayepuliza mikorosho yake mwezi wa sita anakula matunda ya mtu aliyerudi darasani.

NI NANI MWANAFUNZI HUYU?

Tunapotaja mwanafunzi, fikara zetu huenda kwa kijana mwenye sare na mkoba. Mwanafunzi wa shahada za juu si huyo. Mara nyingi ana umri wa miaka 28, 35, hata 40. Amekwisha kuajiriwa, pengine mwalimu, bwana shamba, muuguzi au mhasibu. Ana mke au mume, ana watoto, na huko nyumbani wapo wazee wanaotazamia mkono wake kila mwisho wa mwezi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni mtoto wa mtu. Huyu wa shahada ya pili ni mzazi wa watu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alipoacha kufundisha Tabora mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh, alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa amekwisha kupata stashahada ya ualimu Makerere na kuishika kazi. Aliweza kwenda kwa kuwa alipata msaada wa masomo. Lau kama angeambiwa, "Wewe umekwisha soma, yatosha," historia ya nchi hii ingeandikwa kwa kalamu nyingine.

Mtu wa namna hii anaporudi darasani hupata pigo la pande tatu. Kwanza, mshahara hupungua au hukatika, kwa maana si kila mwajiri hutoa ruhusa yenye malipo. Pili, ada na gharama za kuishi mjini huanza. Tatu, wale waliomtegemea hawaachi kumtegemea. Mtoto wake haulizi kama baba anaandika tasnifu, anauliza chakula.

Na hapo usisahau deni. Wengi wao walisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Makato hayo ni ya haki, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayowasomesha wadogo zake, na Serikali ilifanya wema mwaka 2021 ilipoifuta tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo. Lakini aliye katika makato ya deni la kwanza hana akiba ya kuanzia safari ya pili.

MAHALI ANAPOKWAMIA

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Wengi hudhani mwanafunzi wa namna hii hukwama mlangoni, yaani kwenye ada ya kuanzia. Sivyo, au si mara nyingi. Mlangoni hupita. Kabla ya kwenda amekwisha weka akiba, ameuza pikipiki, baba ametoa ng'ombe, ndugu wamechanga. Mwaka wa kwanza wa masomo ya darasani humalizika. Hukwama katika sehemu ya pili, sehemu ya utafiti. Wakati huo michango imekwisha, na ndugu hawachangi mara mbili kwa sherehe moja. Ndipo zinapokuja gharama ambazo hazikuonekana mwanzoni: nauli za kuzunguka vijijini kukusanya habari, malipo ya kupima udongo au damu au mbegu katika maabara, posho za wasaidizi, uchapaji, kujalidi vitabu vya tasnifu. Kila gharama ni ndogo peke yake, lakini zikijumlishwa humwelemea.

Na ukwamaji huo una ubaya wake wa pekee. Mwanafunzi akichelewa hupita muda aliowekewa, na akipita muda huo hutakiwa kulipa tena ada ili jina lake lisifutwe. Basi aliyeshindwa kupata kidogo hutozwa kingi. Wengine huahirisha mwaka, wakarudi kazini kutafuta fedha, mwaka ukawa miwili, na baadaye ukimwuliza hutazama pembeni.

Mtu aliyechimba kisima pima tisa, na maji yapo katika pima ya kumi, akiacha hapo hana kisima; ana shimo. Tena ni shimo lililogharimu pima tisa.

Nitatoa mfano mmoja wa kwetu, bila kumtaja mtu wala chuo. Binti wa mwanachama katika mojawapo ya vyama vyetu vya msingi alikuwa akisomea shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu kuhifadhi ufuta ghalani usiharibike. Mnaona wenyewe kwamba ni jambo letu hasa. Alikwama kwa shilingi laki nane za nauli na maabara. Baba yake alikuja ofisini kuuliza kama Chama kina fungu lolote. Hakikuwa nalo, na sheria zetu za ndani hazikuruhusu kutoa hata senti. Mzee akaenda akauza ekari moja ya mikorosho inayozaa, kwa haraka, kwa bei ya mwenye shida. Binti alimaliza mwaka uliofuata. Ekari ile haikurudi.

Ndugu Wanachama, kuna mkulima aliyepoteza chanzo cha mapato kwa kukosa mkopo wa laki nane, naye ni mwanachama wa chama chenye maghala yaliyojaa. Hilo ndilo linalonisimamisha hapa leo.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYA NINI?

Jambo hili si geni katika ushirika. Wafumaji na mafundi wengine, jumla yao 28, wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, ndio tunaowahesabu kuwa wazazi wa ushirika wa sasa. Katika miaka ya 1850 walikata shauri kutenga 2.5% ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakati wao wenyewe bado ni maskini. Na katika kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa na Umoja wa Ushirika wa Kimataifa mwaka 1995, ya tano ni elimu na ya saba ni kuijali jamii. Kanuni hizo tunazisoma kila mwaka katika mkutano mkuu. Yafaa siku moja tuzitie katika makisio ya fedha.

Hapa nchini, chama cha KNCU cha Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933, na fedha za kahawa zikasaidia kuinua elimu mkoani kule kabla ya mikoa mingi. Marehemu Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hadi wakaunda shirikisho la vyama vyao, VFCU, mwaka 1955, alipelekwa kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya 1950. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, nacho leo hufundisha hadi shahada za juu. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na waundaji walikuwa wakulima.

Mfano ulio bora kuliko yote kwa jambo letu la leo unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1959 vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi na misaada ya masomo katika vyuo vya Marekani. Ada walikuwa nayo. Kilichokosekana ni nauli ya ndege! Tom Mboya akasimama kutafuta nauli hiyo. Huko Marekani mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakatia sahihi zao katika barua ya kuomba michango, na huku vijijini wazee wakachanga. Septemba mwaka ule ikaondoka ndege yenye wanafunzi 81. Katika kundi la mwaka uliofuata, 1960, alikuwamo Wangari Maathai. Huyo alipata shahada ya pili Pittsburgh, mwaka 1971 akapata ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mboya hakuwa na uwezo wa kuwalipia wote ada, wala hakujaribu. Alitafuta pima ya kumi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Sasa nitajibu hoja nilizozisikia vyamani, maana pendekezo lisiloweza kujibu hoja halistahili kura.

Hoja ya kwanza: Serikali ina Bodi ya Mikopo. Ni kweli, na twaishukuru. Lakini sehemu kubwa kabisa ya mikopo huenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa ndio wengi. Tangu mpango wa kuchangia gharama za elimu ya juu ulipoanza katika miaka ya mwanzo ya 1990, familia imekuwa ikibeba sehemu yake. Mwenye shahada ya pili huibeba karibu yote. Sisi hatutaki kuchukua kazi ya Serikali. Tunataka kuziba ufa ambao Serikali haikuufikia.

Hoja ya pili: Watoto wa shule za msingi hawana madawati, tuanze na hao. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Jibu langu ni kwamba fungu la madawati tunalo tayari na lisiguswe hata kwa shilingi moja. Ninachoomba ni fungu dogo la pembeni. Tena tukumbuke kwamba mtoto aketiye juu ya dawati anahitaji mwalimu, na mwalimu naye alifundishwa na mtu mwenye shahada za juu. Mnyororo hauna pete isiyo na kazi.

Hoja ya tatu: Wakisoma hawarudi. Wanakaa mjini, au wanakwenda ng'ambo. Swali hili ni la zamani. Oktoba 1966 wanafunzi zaidi ya 300 wa Chuo Kikuu walirudishwa makwao baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kiini cha ugomvi ule kilikuwa hiki: Msomi anadaiwa nini na mkulima aliyemlipia? Mimi naona mtu husahau deni ambalo hakuliona likitolewa. Aliyesaidiwa na watu asiowajua hajui arudi kwa nani. Lakini aliyeitwa kwa jina katika mkutano wa chama cha baba yake, akapewa fedha mbele ya macho ya wazee, huyo anajua vizuri wapi pa kurudisha. Na hata akifanya kazi Dodoma au Mwanza, mkopo wake utarudi, na maarifa yake hayatakuwa yamepotea kwa nchi.

Hoja ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haikusemwa kwa sauti bali kwa kunong'onezana: Fedha hii wataila watoto wa viongozi. Ndugu zangu, mnayo haki ya kuogopa. Kamati ya uchunguzi iliyoundwa na Rais mwaka 1966 ilikuta katika vyama vingi vya ushirika uongozi mbaya na fedha zisizo na maelezo. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, na hata viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 imani ya mkulima haikurudi siku ile ile. Chama chetu kilianza kwa kuazima imani, na kwa miaka kumi tumekuwa tukiilipa kidogo kidogo. Siko tayari kuona inapotea kwa sababu ya fungu la wanafunzi. Kwa hiyo pendekezo langu nimelifunga kwa kamba pande zote.

PENDEKEZO

Naomba mkutano mkuu ujao ufikirie mambo yafuatayo, kwa idhini ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika:

1. Ufunguliwe Mfuko wa Wanafunzi wa Shahada za Juu, wenye hesabu yake peke yake benki, usiochanganywa na fedha za mazao.

2. Wanaostahili wawe wanachama wenyewe, watoto wao, au watumishi wa vyama vyetu, waliokwisha kumaliza sehemu ya darasani na kufikia utafiti. Tusianze safari ya mtu. Tumsaidie asikwame ukingoni.

3. Msaada uwe mkopo usio na riba, kwa kiwango kisichozidi shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja, naye alipe kidogo kidogo baada ya kurudi kazini. Yule ambaye utafiti wake unahusu mazao yetu, udongo wetu, maji yetu au afya ya watu wetu, asamehewe nusu ya deni mara atakapoleta matokeo.

4. Waombaji wachaguliwe na kamati ya watu watano kutoka vyama vitano tofauti vya msingi, wawili wao wakiwa wanawake. Mjumbe wa Bodi asiwemo. Mwenye ndugu anayeomba aondoke. Katibu, yaani mimi na atakayenifuata, aandike kumbukumbu tu wala asipige kura.

5. Majina, kiasi na salio la deni vibandikwe katika ubao wa kila chama cha msingi na kusomwa katika mkutano mkuu. Asiyetaka jina lake lisomwe asiombe.

6. Kila aliyesaidiwa aje kijijini, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mkulima, aeleze alichokigundua.

Sharti hili la sita nalipenda kuliko yote. Tasnifu nyingi hulala katika makabati ya maktaba kwa lugha ambayo mkulima haisomi. Watafiti huja mashambani, huuliza maswali, hupima miti yetu, huondoka, wala hatusikii tena habari zao. Basi yule tuliyemkopesha tutakuwa na haki ya kumwambia: "Mwanetu, rudi utuambie ulichokiona."

Na fedha itoke wapi? Natoa hesabu ya mfano tu, ipimwe na mweka hazina. Tuseme vyama vyetu vyote vimeuza kilo 3,000,000 katika msimu, na wanachama wakubali kutenga shilingi 2 kwa kila kilo. Jumla ni shilingi 6,000,000, yaani wanafunzi sita kwa mwaka. Mkulima aliyeuza kilo 500 atakuwa ametoa shilingi 1,000, ambayo hainunui kilo moja ya sukari hapa Kariakoo. Katika miaka mitano hao ni wanafunzi 30, hata kama hakuna aliyerudisha. Na ikiwa nusu tu ya fedha itarudi, tutakuwa na shilingi 15,000,000 za kuendelea nazo bila kumkata mkulima zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisicho na kifuniko humwagika; ndiyo maana nimeweka masharti kabla ya hesabu.

NENO KWA WANAFUNZI

Nimeona kwamba baadhi ya vijana wa Vyuo Vikuu wamefika leo, pengine kwa mwaliko wa wazazi wao. Nina maneno machache kwenu.

Kuomba msaada si aibu, lakini kukaa kimya mpaka jina lifutwe ni hasara kwa wengi. Semeni mapema. Mkiona mwaka wa utafiti unakuja na mfuko mtupu, zungumzeni na msimamizi wenu wa masomo na mwajiri wenu, ulizeni chuoni kama kuna njia ya kulipa ada kwa awamu, kisha njoni kwenu. Andikeni gharama zenu moja moja: nauli kiasi gani, maabara kiasi gani, uchapaji kiasi gani. Mkulima hakopeshi ndoto, hukopesha hesabu. Na mkikopeshwa, kumbukeni kwamba fedha ile imepimwa kwenye mizani, kilo kwa kilo, na watu wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Na kwenu wazazi: msiuze shamba linalozaa kabla hamjaja kuuliza. Mkutano ukilipitisha pendekezo hili, mlango utakuwa wazi. Usipolipitisha, bado njoni, tukae pamoja tutazame ni nini kinachowezekana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na chama kisichomfaa mwanachama kwa dhiki ni duka tu.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea usanifu wa majengo ng'ambo. Paa lake sisi wakulima tumejificha jua na mvua chini yake miaka mingi. Moto uliliunguza Julai 2021, na kazi ya kulijenga upya ikahitaji tena watu waliosoma. Nchi haimalizi kuhitaji elimu, kama vile shamba halimalizi kuhitaji palizi.

Katika miaka kumi ya kwanza Chama hiki kimejifunza kupima mazao kwa uaminifu. Naomba katika miaka kumi ya pili kijifunze kupima dhiki kwa uaminifu ule ule: kujua nani amekwama, kwa kiasi gani, na pima ngapi zimebaki kabla ya maji. Pendekezo liko mbele yenu. Rudini nalo vyamani, mlijadili, mlikosoe, mlitengeneze, kisha katika mkutano mkuu mnyoshe mikono kwa hiari yenu, au mkatae kwa hiari yenu. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Ushirika ni nguvu.